Jua la kichwani: namna gani tulinde ngozi zetu shambani

Mwezi wa kumi tulikuwa Mulongo kwa kazi ya mbegu. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha, udongo umelainika, na kila kikundi kilikuwa kinakimbizana na kupanda mahindi na karanga. Tulikwenda kuhesabu mifuko ya mbegu na kuangalia mistari ya shamba la pamoja. Lakini jambo lililotukaa moyoni tuliporudi ni sikio la mama mmoja.

Mama huyo ni mwanachama wa kikundi cha wanawake, na ni mtu mwenye ualbino. Alitukubalia tuandike habari yake, ila jina tuliache. Ana shamba la mihogo, ana watoto wane, na mchango wake anautoa kila mwezi bila kukosa. Juu ya sikio la kuume alikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kikavu juu, chekundu pembeni.

"Nilizani ni kidonda ya kawaida," alituambia. "Natia mawese, inakauka. Siku mbili tatu inarudia tena. Njo nikaachilia."

Kidonda kilikuwa na miezi minane. Mara ya kwanza alipokwenda kutafuta matibabu alipewa pomada, akaambiwa arudi kama kikizidi. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na watoto, hakurudi.

Mama Prezida wa kikundi alikuwa amekaa pale karibu, akisikiliza huku anachambua karanga. Akasema: "Sisi siku yote tulikuwa tunamwambia kazi ni kazi, kila mutu na jembe yake. Akichelewa kufika ku shamba, anatoa faini. Hatukujua kama jua inaweza kumuua mutu polepole."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Sisi wote tunafanya kazi chini ya jua. Tunajua jua linavyoua miche michanga na linavyokausha mihogo. Linavyofanya ngozi ya mtu, wengi wetu hatukufundishwa.

Mionzi tusiyoiona

Jua linatupa mwanga tunaouona na joto tunalolisikia. Lakini linatupa pia mionzi ya tatu, ambayo jicho haliioni wala ngozi haiisikii mara moja. Inaitwa mionzi ya ultravioleti. Katika vitabu vya shule vya Kiswahili utakuta jina urujuanimno. Ndiyo inayochoma ngozi.

Kwa kuwa haina joto, inadanganya. Siku ya mawingu mepesi na upepo wa baridi tunasema "leo jua hakuna", kumbe sehemu kubwa ya mionzi ile inapita katikati ya mawingu na kutufikia. Wavuvi nao wajue: maji hayaizuii kabisa. Hata ukiwa umezama nusu metro ndani ya maji, karibu sehemu 40 kwa 100 ya mionzi inakufikia. Na ile inayogonga uso wa mto, kidogo yake inarudi juu usoni, chini ya kofia.

Mionzi ina nguvu zaidi jua linapokuwa juu ya kichwa. Sisi wa Mulongo tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua letu linapanda juu sana mwaka mzima. Mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya mwezi wa kumi na karibu mwisho wa mwezi wa pili, linapita wima kabisa juu yetu wakati wa adhuhuri. Angalieni kalenda ya mulimo: mwezi wa kumi tunapanda, mwezi wa pili tuko katika palizi na mavuno ya kwanza. Siku ambazo jua ni kali kuliko zote ndizo siku tunazokaa shambani kuliko zote.

Ndani ya ngozi kunapita nini

Mwili wetu umejengwa na seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli mna maandishi ya urithi, ambayo wanganga wanaita ADN. Maandishi hayo ndiyo yanayoiambia seli ikue lini, igawanyike lini, ife lini. Yana herufi nne tu, zinazorudiwa na kupangwa kwa mstari mrefu sana.

Mionzi ya ultravioleti ikipiga seli ya ngozi, inagandisha herufi mbili zilizo jirani, kama kurasa mbili za kitabu zilizoshikana kwa maji. Seli ina mafundi wake. Kila siku wanakata fasi iliyoharibika na kuandika upya. Kama uharibifu ni mwingi kupita uwezo wao, seli inajiua yenyewe ili isilete matata. Ngozi inayobambuka siku chache baada ya kuungua na jua, sehemu yake ni seli zilizokufa namna hiyo.

Hatari ni ile seli ambayo haikutengenezwa wala haikufa. Ikigawanyika, inanakili kosa lake. Ni kama mkulima anayechagua hindi lenye ugonjwa na kuliweka mbegu: msimu ujao ugonjwa ni wa shamba zima. Na kuna fasi moja katika maandishi hayo ambayo kazi yake ni ulinzi, yaani kusimamisha seli yenye kosa isigawanyike. Katika kansa za ngozi zinazoletwa na jua, mara nyingi mlinzi huyo mwenyewe ndiye aliyeharibiwa. Mlinzi akilala, mwizi anaingia anavyotaka. Hapo kansa inaanza, na inaweza kuchukua miaka mingi kabla haijaonekana.

Namna kansa inavyosafiri

Wote tunajua magugu-maji ya mto. Yanaanza fasi moja, kwenye maji yaliyotulia. Kisha kipande kinakatika, mkondo unakichukua, na baada ya muda unakuta kundi lingine la magugu mbali kule chini. Kansa inaenea vivyo hivyo. Seli chache zinaachana na kidonda, zinaingia katika mishipa, zinakwenda kukaa fasi nyingine. Kansa ya sikio au ya midomo mara nyingi inafika kwanza kwenye tezi za shingo. Ndiyo maana mnganga akiona kidonda usoni anapapasa shingo.

Jua linasaidia safari hiyo kwa njia tatu.

Kwanza, linalaza askari. Ngozi ina seli za ulinzi zinazotafuta kitu kibaya na kukiua. Mionzi ya ultravioleti inazipunguza na kuzidhoofisha, hivyo seli ya kansa inapata nafasi ya kukua bila kushambuliwa.

Pili, linavunja ua. Chini ya ngozi kuna nyuzi ngumu zinazoshikilia kila kitu fasi yake. Mionzi inaifanya ngozi itoe vimeng'enya vinavyokata nyuzi hizo. Ndiyo sababu ngozi iliyopigwa na jua miaka mingi inalegea na kukunjamana. Ua ukivunjika, seli mbaya inapita kwa urahisi.

Tatu, linaleta uvimbe na wekundu. Mwaka 2014 watafiti wa mji wa Bonn, Ujerumani, walionyesha jambo hili kwa panya wenye melanoma, aina ya kansa ya ngozi iliyo kali sana. Panya waliochomwa na mionzi ya ultravioleti walipata uvimbe wa ngozi. Uvimbe ukaita chembe nyeupe za damu. Na chembe hizo zikaziamsha seli za kansa, zikaanza kutembea zikifuata mishipa ya damu mpaka kwenye mapafu. Ulikuwa uchunguzi wa panya, si wa watu. Lakini unatufundisha kwamba mtu ambaye tayari ana kidonda cha kansa asiendelee kukaa juani akisema "ugonjwa umekwisha kuingia, nitajifunika juu ya nini tena?" Ajifunike zaidi.

Nani yuko katika hatari

Ngozi nyeusi ina rangi inayoitwa melanini. Rangi hiyo ni mwavuli: inakamata mionzi kabla haijafika kwenye maandishi ya seli. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo, au na kidogo tu.

Ualbino si laana, wala si alama ya kosa la mama. Ni urithi. Baba anaweza kuwa mweusi, mama mweusi, lakini kila mmoja amebeba kipande kimoja cha urithi huo bila kujua. Wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya ine ya kutoa mtoto mwenye ualbino. Ugonjwa hauambukizi. Kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kushika jembe moja, hakuleti kitu.

Madaktari wa Dar es Salaam, Tanzania, walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino. Walikuta kwamba alama za ngozi kuharibiwa na jua zilionekana tangu mtoto hajamaliza mwaka mmoja. Hapo tunapata somo: mtoto anayebebwa mgongoni kwenda shambani, uso na mikono nje, ameanza kuhesabiwa siku zake za jua. Kinga inaanza mgongoni mwa mama.

Na sisi wenye ngozi nyeusi?

Wengine watasema: basi habari hii ni ya wale, si yetu. Hapana. Mwavuli wetu ni mzuri, lakini una matundu.

Wanaotumia sabuni na pomada za kujichubua wanautoboa wenyewe. Wanaondoa melanini, kisha wanakwenda kulima saa sita.

Macho hayana mwavuli. Mionzi hii inachangia mtoto wa jicho, ule ukungu unaowafanya wazee wasione tena nyavu zao. Mvuvi anayekaa mchana kutwa ndani ya mtumbwi bila kofia anayatesa macho yake.

Kuna pia kansa za ngozi nyeusi ambazo hazitoki juani, na ndizo zinazotuua kwa kuwa hatuziangalii. Kidonda cha zamani cha mguu, kovu la moto wa makala, jeraha la jembe lisilopona kwa miaka, vinaweza kugeuka kansa. Na melanoma kwa watu weusi inapenda kutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwimbaji Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kwamba ana melanoma kwenye kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 mwezi wa tano 1981, akiwa na miaka 36, baada ya kansa kuenea mpaka kwenye ubongo. Ilianza chini ya ukucha mmoja.

Kinga tunayoweza kuifanya hapa hapa

Kwanza kabisa ni saa. Zaidi ya nusu ya mionzi ya siku nzima inashuka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Huna saa? Angalia kivuli chako. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, mionzi ni mikali. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kazi iendelee. Kulima alfajiri na jioni hakupunguzi mavuno, kunabadilisha saa tu.

Pili ni nguo. Shati la mikono mirefu, suruali au kikwembe kinachofika chini, kitambaa kizito. Inua nguo yako mbele ya jua: ukiona mwanga unapenya, na mionzi inapenya. Nguo ya rangi iliyokoza inazuia zaidi kuliko nyeupe nyepesi. Pamba iliyolowa maji au jasho inazuia kidogo kuliko iliyokauka.

Tatu ni kofia. Kasketi inafunika paji la uso tu. Masikio na shingo vinabaki nje, na huko ndiko kansa inakopenda kuanza. Kofia ya kusuka yenye ukingo mpana wa kiganja kizima kuzunguka kichwa ni bora. Wasukaji wa mikeka na vikapu tunao katika kila kijiji.

Nne ni kivuli. Mwembe au paa la majani pembeni ya shamba vinaweza kupunguza nusu ya mionzi au zaidi. Fasi ya kupumzikia, ya kunyonyeshea watoto na ya kupukuchulia mahindi iwe chini ya kivuli.

Tano ni mafuta ya kuzuia jua, kwa watu wenye ualbino hasa. Mawese hayazuii jua. Mafuta ya nazi na ya mgando hayazuii. Yanafanya ngozi ing'ae tu. Mafuta ya kweli yana namba kwenye chupa: tafuta 30 au zaidi. Yapakwe karibu nusu saa kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili, bila kusahau masikio, midomo na shingo. Ni ghali, na huku kwetu ni adimu. Lakini inawezekana kubadilisha hilo. Moshi, Tanzania, kuna karakana inayotengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kenya, serikali yenyewe kupitia baraza lake la watu wenye ulemavu inayagawa bure. Sisi pia tunaweza kuyadai.

Alama za kuangalia

Mara moja kwa mwezi, mtu na mwenzake waangaliane ngozi: kichwa, nyuma ya masikio, midomo, shingo, mikono, nyayo, kucha. Usingoje maumivu, kwa kuwa kansa ya ngozi mwanzoni mara nyingi haiumi. Nenda kwa mnganga ukiona:

- kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au kinachopona na kurudi;
- gamba gumu au kavu linalorudi kila ukilitoa, hasa usoni na masikioni;
- uvimbe mdogo unaokua au unaotoka damu kwa urahisi;
- doa jeusi jipya kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, linalopanuka au kubadilika sura;
- kovu la zamani linaloanza kuota nyama au kunuka;
- tezi ngumu shingoni kwa mtu mwenye kidonda kichwani.

Ukipewa pomada na kidonda hakikupona, rudi. Sema waziwazi: "Naogopa hii ni kansa, naomba mtu aikate kipande akipime." Kusema hivyo si dharau kwa mnganga. Kansa ya ngozi ikikamatwa ikiwa ndogo, mara nyingi inamalizwa kwa kukatwa mara moja. Ikifika kwenye tezi, ni vita nyingine kabisa, na gharama yake inamaliza shamba na mifugo.

Uamuzi wa Mulongo

Turudi kwa mama yetu. Wiki ile ile kikundi kilikaa. Kulikuwa na ubishi. Wengine walisema pesa za sanduku ni za mbegu, si za matibabu, na kanuni ni kanuni. Baba mmoja mzee akauliza: "Tukinunua mbegu, nani atapanda?" Pakawa kimya. Wakakubaliana kumkopesha nauli na pesa za hospitali, arudishe kidogo kidogo kwa mihogo yake. Alipanda boti mpaka Bukama, akaendelea Lubumbashi. Kidonda kilikatwa, na ukingo wa sikio pamoja nacho. Kilipopimwa kilikuwa kansa. Shingoni hawakukuta tezi.

Tulipopita tena baada ya mavuno, tulimkuta chini ya paa jipya la majani pembeni ya shamba la pamoja, kofia pana kichwani, mizani mbele yake. Sasa yeye ndiye anayepima mahindi ya wanachama. Kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, mizani waliisogeza karibu na namba wakaziandika kubwa. Faini ya kuchelewa imefutwa kwa wote: kikundi kizima kinaanza alfajiri na kuacha saa nne, kinarudi jioni.

Tukamuuliza kama anaona haya kukaa kivulini wakati wengine wanalima. Akacheka. "Mbele walikuwa wananihesabia masaa," akasema. "Leo miye njo nabahesabia kilo."

Kwa vikundi vingine tunaomba mambo matatu katika mkutano wenu ujao. Ulizeni nani kati yenu, au nani kati ya watoto wenu, ana ualbino, na ni kazi gani za kivulini zinaweza kuwa zake: mizani, daftari, kuchambua mbegu, kuuza. Angalieni saa zenu za kazi katika mwezi wa kumi na mwezi wa pili. Na wekeni katika sanduku kiasi kidogo, hata kama ni cha kofia tano tu na nauli ya mtu mmoja. Tarehe 13 mwezi wa sita kila mwaka ni siku ya ulimwengu ya watu wenye ualbino. Ni siku nzuri ya kumwalika mnganga aje kuangalia ngozi za wanachama wote, weupe na weusi, chini ya mwembe.